Vifaa vya nyumbani vilivyo sabneti mbili havionani: anza na njia ya kurudi

Malalamiko huja kwa sura nyingi. Printa haionekani kwenye simu. Kompyuta ya chumbani inafungua mafaili ya kompyuta ya sebuleni, lakini ya sebuleni haifungui ya chumbani. Kamera zilionekana vizuri mpaka siku ilipoongezwa ruta ya pili. Ukiyachimba, mengi yana mzizi mmoja: nyumba ilikuwa na mtandao mmoja, ikawekwa ruta nyingine ili Wi-Fi ifike mbali, na tangu hapo kuna mitandao miwili isiyojuana.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Ruta kuu, ile iliyoletwa na mtoa huduma wa intaneti, ina anwani 192.168.1.1, na vifaa vyake vyote vina anwani zinazoanza na 192.168.1. Ruta ya pili imeunganishwa na ruta kuu kwa kebo inayoingia kwenye tundu lake la WAN, yaani lile la kupokelea intaneti. Upande wa juu imepewa anwani 192.168.1.2. Upande wa chini yenyewe ni 192.168.2.1, na inagawa anwani zinazoanza na 192.168.2. Maski ni 255.255.255.0 kote kuwili. Kompyuta iliyo juu ni 192.168.1.20, printa iliyo chini ni 192.168.2.50. Unaposoma, weka namba zako mahali pa hizi.

Sabneti ni kundi la anwani ambazo vifaa vyake huongea moja kwa moja bila kupita kwenye ruta. Maski hiyo inasema namba tatu za mwanzo ni za kundi na ya nne ni ya kifaa, kwa hiyo kundi moja lina nafasi ya vifaa 254. Kifaa kikitaka mwenzake wa kundi lake, humwita chenyewe. Kikitaka wa kundi jingine, hukabidhi mzigo kwa lango lake, yaani ruta yake, kisha husubiri. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: mazungumzo yoyote ni safari mbili. Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inakwenda, jibu linarudi, na kila safari hutafutiwa njia peke yake. Mtu akikosa jibu hudhani pakiti haikufika. Mara nyingi ilifika, ikasomwa, na ni jibu lililopotea njiani.

## Kabla ya kugusa mpangilio wowote

Chukua karatasi. Kwa kila kimoja cha vifaa viwili visivyoonana, andika vitu vitatu: anwani, maski na lango. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike `ipconfig`. Kwenye Linux andika `ip addr`, kisha `ip route`. Kwenye simu, gusa jina la Wi-Fi uliyojiunga nayo. Printa nyingi huweza kuchapa ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye menyu yake. Usiruke hatua hii kwa kuwa unadhani unazijua namba hizo. Nusu ya matatizo huonekana hapohapo kwenye karatasi.

Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, kifaa hicho hakikupewa anwani na ruta yoyote, kikajipa chenyewe. Habari za sabneti mbili ziache kwanza. Angalia kebo, nenosiri la Wi-Fi, na kama ugawaji wa anwani, ule unaoitwa DHCP, umewashwa kwenye ruta.

Kisha piga ping kwa ngazi, kutoka karibu kwenda mbali. Ping ni amri ya kukibishia kifaa hodi ili kijibu: andika `ping` ikifuatwa na anwani. Ukiwa kwenye kompyuta ya juu: kwanza 192.168.1.1, halafu 192.168.1.2, halafu 192.168.2.1, mwisho 192.168.2.50. Ngazi ya kwanza inayokataa ndiyo ya kuchunguza. Kumbuka tu kwamba ruta nyingi zimepangwa zisijibu ping inayoingia kwenye tundu la WAN, kwa hiyo 192.168.1.2 kunyamaza hakutoshi kuwa ushahidi kwamba haipo.

Majibu yenyewe yasome kwa makini, maana hayafanani:

- `Request timed out` maana yake pakiti imetoka lakini hakuna jibu lililorudi. Imezuiwa mahali, au jibu limepotea.
- `Destination host unreachable` ikitoka kwenye anwani ya kompyuta yako mwenyewe, ujue pakiti haikutoka kabisa. Kompyuta ilimtafuta mwenzake ndani ya kundi lake na hakuitika. Angalia maski.
- `TTL expired in transit` maana yake ruta mbili zinarushiana pakiti moja huku na huku. Kuna njia iliyoandikwa vibaya.

Na ukipata jibu, itazame namba ya TTL mwishoni mwa mstari, yaani idadi ya ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita. Vifaa vingi vya Linux huanza na 64 na Windows huanza na 128, na kila ruta inayopitiwa hupunguza 1. Ukiona `TTL=63`, jibu limepita kwenye ruta moja. Ukiona `TTL=64`, halikupita kwenye ruta yoyote: aliyekujibu yuko kwenye sabneti yako, na huenda si kifaa unachokifikiria.

Mwisho wa maandalizi, na hili ni onyo: hifadhi nakala ya mipangilio ya ruta zote mbili, au zipige picha kurasa zake. Usibonyeze kitufe cha kurudisha ruta kuu kwenye hali ya kiwandani. Kwenye ruta nyingi za watoa huduma humo ndani mna jina la mtumiaji, nenosiri na namba ya VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya kebo au swichi ile ile) ambazo hujawahi kuziona. Zikifutika, intaneti ya nyumba nzima inakatika mpaka mtoa huduma azirudishe.

## Dalili: wa chini anamfikia wa juu, wa juu hamfikii wa chini

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote. Kompyuta iliyo kwenye ruta ya pili inafungua kila kitu cha ruta kuu, lakini ukigeuza upande, kimya.

Sababu ya kwanza, na kwa mbali ndiyo ya kawaida: NAT ya ruta ya pili. Ruta ya pili haijui kwamba iko ndani ya nyumba. Inaona kebo kwenye WAN, inadhani huko nje ni intaneti, na inafanya kazi iliyotengenezewa: inaficha vifaa vyote vya chini nyuma ya anwani moja, 192.168.1.2, na kukataa yeyote anayebisha hodi bila kuitwa. Kifaa cha chini kikianzisha mazungumzo, ruta inakumbuka na kuliruhusu jibu. Cha juu kikianzisha, ruta haina kumbukumbu ya mtu huyo na inamfungia mlango.

Kabla ya kutafuta dawa, jiulize swali ambalo wengi hawajiulizi: je, unazihitaji sabneti mbili? Kama ruta ya pili ililetwa ili kuongeza eneo la Wi-Fi tu, huzihitaji. Ingia kwenye mipangilio yake utafute hali inayoitwa "Access Point" au "AP Mode", iwashe, na iache ijiwashe upya. Kuanzia hapo inakuwa daraja tu: anwani zote zinagawiwa na ruta kuu, kila kifaa kinakuwa 192.168.1, na tatizo limekwisha. Kama ruta haina hali hiyo, fanya kwa mkono, na kwa mpangilio huu: ipe upande wa chini anwani isiyotumika ya kundi la juu, mfano 192.168.1.3, zima DHCP yake, kisha hamisha kebo kutoka tundu la WAN uichomeke kwenye tundu lolote la LAN, yaani yale ya vifaa vya ndani. Ukihamisha kebo kabla ya kuzima DHCP, utajiletea tatizo jipya ambalo limeelezwa mbele kidogo. Kwa maoni yangu nyumba nyingi zingekomea hapa na zingekuwa na mtandao bora kuliko wa mbinu zote zinazofuata.

Kama una sababu ya kweli ya kutenganisha, kwa mfano hutaki kamera na vifaa vingine vidogo vichanganyike na kompyuta zako, kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kufungua poti moja, yaani namba ya mlango ambao huduma fulani ya kifaa husikilizia. Kwenye ruta ya pili unaandika kwamba anayebisha 192.168.1.2 kwenye poti fulani apelekwe kwa kifaa fulani. Kwa printa, poti 9100 au 631 kwenda 192.168.2.50. Kisha kompyuta ya juu inaambiwa printa iko 192.168.1.2. Hii inatosha kwa kifaa kimoja au viwili. Ukifika cha tano umeshajichanganya.

Ya pili ni kuzijulisha sabneti zenyewe. Ina sehemu tatu, na wengi hufanya moja wakashangaa mbona hakuna kilichobadilika:

1. Kwenye ruta kuu, ongeza njia ya kudumu: kwenda 192.168.2.0, maski 255.255.255.0, kupitia 192.168.1.2. Kosa ninaloliona kila mara ni kuandika 192.168.2.1 kwenye nafasi ya mwisho. Ruta kuu haiijui 192.168.2.1; ndiyo kwanza inafundishwa njia ya kufika huko. Anwani ya kupitia lazima iwe ile ambayo ruta kuu inaiona upande wake.
2. Kwenye ruta ya pili, zima NAT.
3. Kwenye faiawoli ya ruta ya pili, yaani mlinzi wake anayeruhusu au kukataa pakiti, ruhusu pakiti zinazotoka 192.168.1.0 ziingie.

Fuata mpangilio huo huo. Ukizima NAT kabla ya kuandika njia, vifaa vya chini vitakosa intaneti papo hapo, kwa sababu pakiti zitatoka zikiwa na anwani 192.168.2 na ruta kuu haitajua pa kulirudisha jibu. Njia ya kurudi, tena.

Vifaa vya chini vikiendelea kukosa intaneti hata baada ya njia kuandikwa sawasawa, huenda ruta kuu ni ya aina inayobadilisha anwani za sabneti yake tu na kuzitupa za wengine. Hapo washa NAT tena kwenye ruta ya pili na urudi kwenye kufungua poti.

Sababu ya pili: ruta kuu hairuhusu njia za kudumu. Baadhi ya watoa huduma huficha ukurasa huo. Usipoteze saa ukiutafuta. Andika njia kwenye kompyuta yenyewe. Kwenye Windows, dirisha la amri lifunguliwe kama msimamizi:

`route -p add 192.168.2.0 mask 255.255.255.0 192.168.1.2`

Kwenye Linux (hiyo `/24` ni namna fupi ya kuandika maski 255.255.255.0):

`sudo ip route add 192.168.2.0/24 via 192.168.1.2`

Ile ya Windows inabaki hata ukizima kompyuta, kwa sababu ya `-p`. Ile ya Linux inapotea mpaka uiandike kwenye faili la mipangilio ya mtandao. Faiawoli ya ruta ya pili bado lazima iruhusu, njia peke yake haitoshi.

Onyo: ruhusa hizi za faiawoli ni salama kwa sababu WAN ya ruta ya pili iko ndani ya nyumba, nyuma ya ruta kuu. Usifanye hivyo kwenye ruta kuu kamwe. Ukijikuta unafungua poti kwenye ruta kuu ili tu vyumba viwili vya nyumba moja vionane, umepotea njia. Unaionyesha printa au kamera yako kwa dunia nzima.

## Dalili: hakuna upande unaomfikia mwenzake

Simu au kompyuta iko kwenye Wi-Fi ya wageni. Anza hapa kwa kuwa ni sekunde tano. Mtandao wa wageni umetengenezwa makusudi uzuie vifaa vyake visivifikie vingine vya nyumbani, na mara nyingi hata visionane vyenyewe kwa vyenyewe. Ping zote zitagoma huku intaneti ikiruka vizuri. Hamia kwenye Wi-Fi ya kawaida. Kama kifaa kiko kwenye Wi-Fi ya kawaida na bado hali ni hiyo hiyo, tafuta kwenye ruta mpangilio wa kutenganisha vifaa vya Wi-Fi, huitwa "AP Isolation" au "Client Isolation", uuzime.

Sabneti zote mbili zina namba moja. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiziunganisha mbili zinazofanana, juu ni 192.168.1 na chini ni 192.168.1. Kifaa cha chini kikimtafuta 192.168.1.20 wa juu kinaamini ni jirani yake, kinamwita ndani ya kundi lake, na haitiki mtu. Hakuna njia ya kudumu itakayotibu hili. Badilisha namba ya upande wa chini wa ruta ya pili iwe 192.168.2.1 au 192.168.50.1, kisha zima na kuwasha Wi-Fi ya vifaa vyake ili vichukue anwani mpya. Anwani za matumizi ya ndani ziko mafungu matatu: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Usichague nje ya hayo.

Njia haipo kabisa. Piga `tracert 192.168.2.50` ukiwa juu; ni amri ya Windows inayoorodhesha ruta ambazo pakiti inapitia. Ikipita 192.168.1.1 kisha ikaelekea kwenye anwani usizozijua, au ikageuka nyota tupu, ruta kuu imeirusha pakiti kwa mtoa huduma, naye akaitupa. Rudi kwenye njia ya kudumu iliyoelezwa juu.

Maski imekosewa kwenye kifaa kimoja. Hutokea kwenye vifaa vilivyoandikiwa anwani kwa mkono. Mtu anaandika 255.255.0.0 mahali pa 255.255.255.0. Kwa maski hiyo kila kitu kinachoanza na 192.168 kinaonekana kuwa ni kundi moja, basi kifaa hakimpi lango chochote. Ndiyo ile `Destination host unreachable` inayotoka kwenye anwani yako mwenyewe.

## Dalili: kifaa kimoja tu kimegoma, vingine vyote vinafikika

Mpangilio wa ruta ni mzima. Iache. Kosa liko kwenye kifaa.

Lango halijaandikwa. Kuna kamera iliyonishughulisha jioni mbili. Ukiwa kwenye kompyuta ya chini, picha inafunguka bila kusita. Ukiwa juu, hakuna. `tracert` inafika kwenye ruta ya pili na kufia hapo, faiawoli imeruhusu, na kamera ya pili iliyo kwenye swichi hiyo hiyo inaonekana. Nikafungua ukurasa wa mipangilio ya kamera, nikateremka mpaka kwenye mtandao: anwani 192.168.2.60, maski 255.255.255.0, na kwenye nafasi ya lango, 0.0.0.0. Aliyeifunga alikuwa ameiandikia anwani kwa mkono na kuacha lango, na kwa miezi hakuna aliyejua kwa sababu waliokuwa wakiitazama wote walikuwa sabneti moja nayo. Kamera ilikuwa inapokea kila ombi kutoka juu. Haikuwa na pa kulikabidhi jibu. Niliandika 192.168.2.1, nikahifadhi, picha ikafunguka.

Kwa hiyo kwa kamera, printa na vifaa vya kuhifadhia mafaili, angalia lango kabla ya kitu kingine chochote. Bora zaidi, rudisha kifaa kwenye kupewa anwani na ruta, kisha kwenye ruta weka kitengewe anwani ile ile daima. Hapo lango na maski vitakuja sahihi vyenyewe.

Faiawoli ya kifaa. Kompyuta ya Windows ikiwa kwenye mtandao uliotiwa alama ya umma, hukataa karibu kila anayebisha. Ukibadilisha ruta, Windows huuona mtandao kuwa mpya na mara nyingi huurudisha kwenye alama hiyo. Ubadilishe uwe wa binafsi. Hata hivyo bado kuna kikwazo cha pili kisichojulikana sana: kanuni za kushirikisha mafaili na kujibu ping kwenye mtandao wa binafsi zimewekewa mpaka wa sabneti ya ndani tu. Jirani wa sabneti yako anajibiwa, wa sabneti nyingine anapuuzwa. Fungua kanuni husika, nenda kwenye kichupo cha mipaka ya anwani, ongeza 192.168.1.0/24. Kuzima faiawoli yote kwa dakika moja ili kuthibitisha ni sawa. Kuiacha imezimwa si sawa.

VPN. Kompyuta yenye VPN, yaani handaki la kupeleka data kwenye mtandao wa mbali, inayobeba trafiki yote huendelea kuwaona majirani wa sabneti yake, lakini kinachokwenda sabneti nyingine hukiingiza kwenye VPN na kukipeleka mbali. Izime ujaribu tena. Kama ni VPN ya kazini, usicheze na mipangilio yake, waulize wanaoisimamia.

## Dalili: ping inajibu, lakini programu haikioni kifaa

Simu inapata jibu kutoka kwenye printa, ila ukibonyeza chapa, orodha ni tupu. Au televisheni haitokei kwenye alama ya kurushia video.

Hapa hakuna kilichoharibika. Programu hizi hazitafuti kwa anwani. Hutoa tangazo na kusubiri nani ataitika. Kuna aina mbili kubwa: mDNS, inayotangaza kwenye 224.0.0.251 poti 5353, na SSDP, inayotangaza kwenye 239.255.255.250 poti 1900. La kwanza limewekwa makusudi lisivuke ruta yoyote, na la pili kwenye ruta za nyumbani kwa kawaida halivuki pia. Ungeandika njia za kudumu mia, tangazo lingeishia kwenye ukuta wa sabneti yako. Wanaowasha kompyuta kutoka mbali kwa pakiti ya kuamsha hukutana na jambo hilo hilo.

Jaribu kwanza kuongeza kifaa kwa anwani yake. Printa kwenye kompyuta hukubali: chagua kuongeza kwa anwani ya IP, andika 192.168.2.50. Mafaili ya Windows pia, andika `\\192.168.2.30` mahali pa kuandika jina la kompyuta. Ikikubali, weka anwani hiyo itengwe kwenye ruta isije ikabadilika, na kazi imekwisha.

Programu isipotoa nafasi ya kuandika anwani, njia rahisi ni kuihamishia simu kwenye Wi-Fi ya upande wa kifaa pale inapohitajika. Ruta zenye uwezo zaidi zina kipengele cha kurudia matangazo ya mDNS kutoka sabneti moja hadi nyingine. Kiwashe kwa sabneti hizo mbili tu. Mwenye kompyuta ya Linux iliyounganishwa kwenye sabneti zote mbili anaweza kutumia Avahi, programu ya mDNS ya Linux: kwenye `/etc/avahi/avahi-daemon.conf`, sehemu ya `[reflector]`, andika `enable-reflector=yes` kisha uiwashe upya. Ila elewa kwamba kinachovushwa ni tangazo peke yake. Kifaa kitatokea kwenye orodha, na ukikichagua, mazungumzo yenyewe bado yatahitaji njia ya kwenda na ya kurudi. Kikitokea halafu kikagoma kuunganika, rudi kwenye dalili ya kwanza.

## Dalili: ping inajibu, ukurasa unaanza kufunguka kisha unaganda

Hii inachosha kwa sababu kila kipimo kinasema mambo ni mazuri. Hutokea baada ya kuandika njia ya kudumu kwenye ruta kuu, na chanzo chake ni safari mbili kupita njia mbili tofauti.

Ifuate pakiti. Kompyuta ya juu inataka 192.168.2.50, inampa lango lake 192.168.1.1. Ruta kuu inaipeleka 192.168.1.2. Ruta ya pili inaifikisha kwenye printa. Sasa jibu: printa inampa 192.168.2.1, na ruta ya pili inaona mwenye jibu ni 192.168.1.20, jirani yake wa upande wa juu. Haina haja ya kupitia ruta kuu. Inamkabidhi moja kwa moja. Faiawoli ya ruta kuu imeona ombi likipita na haikuona jibu. Kompyuta inapoendelea na mazungumzo, ruta kuu inaiona pakiti ya mazungumzo ambayo kwake hayakuwahi kujibiwa, inayahesabu kuwa batili na kuyatupa. Ping haidhuriki kwa kuwa kila ombi lake ni jipya na linaruhusiwa lilivyo.

Tiba iliyo nyepesi ni kuandika njia kwenye kompyuta yenyewe, kwa amri zilizo juu, ili nayo iende kwa 192.168.1.2 bila kupitia ruta kuu. Kwa vifaa vingi, kama ruta kuu inaruhusu chaguo namba 121 la DHCP, inaweza kuwagawia njia hiyo pamoja na anwani, ingawa si kila kifaa huitii. Tiba ya kudumu ni kuziweka ruta mbili kwenye sabneti yao wenyewe isiyo na kifaa kingine, lakini hiyo inahitaji ruta kuu yenye uwezo wa kugawa matundu yake.

## Dalili: jana ilifanya kazi, leo hapana

Anwani imebadilika. Njia yako ya kudumu inaelekea 192.168.1.2. Umeme ulikatika, ruta ya pili ikawaka na kupewa 192.168.1.7, na njia sasa inaelekea kwa asiyekuwapo. Tenga anwani ya ruta ya pili kwenye ruta kuu. Ilipaswa kufanyika siku ya kwanza.

Wagawaji wa anwani ni wawili. Kifaa kile kile leo kina 192.168.1, kesho kina 192.168.2, bila kuhamishwa. Kuna kebo inayotoka LAN kwenda LAN huku ruta zote mbili zikigawa anwani. Anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Zima DHCP ya ruta ya pili, au rudisha kebo kwenye WAN.

Na kama unatumia swichi yenye VLAN, hakikisha tundu linaloelekea kwenye ruta linabeba namba za VLAN zote mbili, na tundu la kifaa lina namba ya VLAN yake peke yake. Swichi ya kawaida isiyo na mipangilio ikiwekwa katikati haiwezi kutenganisha VLAN hata kidogo. Itoe ujaribu tena.

## Mahali pa kuacha na kumwita fundi

Acha mara moja ukiona adapta ya umeme ya ruta inatoa harufu ya kuungua au ina joto usiloweza kulistahimili mkononi. Ichomoe ukutani, usiifungue.

Kebo nyembamba ya faiba inayoingia kwenye kifaa cha mtoa huduma usiichomoe ili kutazama ndani. Mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho. Hiyo ni kazi ya mtoa huduma peke yake.

Kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili, au iliyopita nje na kupigwa na radi, ikaguliwe na fundi umeme kabla hujashika upande wowote.

Kama sabneti mojawapo ina kengele za usalama, kifaa cha tiba anachokitegemea mgonjwa, au mtambo wa kazini, usijaribu jambo lililo humu bila anayevisimamia kuwapo. Na ukikuta kwenye orodha ya ruta vifaa usivyovijua, au nenosiri la msimamizi limebadilika bila wewe, hilo si tatizo la sabneti: tenganisha ruta na intaneti, umwite mtaalamu wa usalama wa mitandao.

Fundi akija, mpe ile karatasi: anwani, maski na lango la vifaa vyote viwili, matokeo ya ping ngazi kwa ngazi, `tracert` ya pande zote mbili, na orodha ya ulichobadilisha kwa mpangilio ulivyokibadilisha.